Kikao Nilichokiongoza kwa Kufumba Macho

Mnicheke tu, ndugu zangu, maana nimejitakia. Kikundi chetu cha kusaidia wajane hapa Mkunya kinaongozwa na Mama Zainabu. Yule mama anajua kuongoza, nasema mimi niliyeishia darasa la pili. Watu wakigombana, yeye hufumba macho, kidevu kifuani, akawasikiliza mpaka wachoke. Akifumbua, husema neno moja tu, na ugomvi umekwisha.

Juzi alimpeleka mgonjwa hospitali ya Ndanda, akaniachia kikao. Tulikuwa tumeletewa tangi la maji, na kila mtaa unalitaka. Wasipopatana siku ileile, gari lililolileta lingelipeleka kijiji cha Mnyambe. Na shida ya maji huku kwetu, we acha tu.

Basi nikafumba macho kama yeye. Ila nilikuwa nimetoka kula ugali wa muhogo kwa kisamvu, na mke wangu akisonga ugali, amesonga. Zile kelele zikaanza kwenda mbali.

Kushtuka, kimya, wote wananitazama. Nikakohoa.

"Nimewasikia nyote," nikasema, taratibu kama Mama Zainabu. "Kila mtaa una haki yake. Sasa hilo tangi..."

"Tangi limeshashushwa pale zahanati, babu!" akadakia Bi Somoe, anajifuta machozi kwa kicheko. "Tumepatana zamani. Tunakungoja wewe tu utufungie kikao."

Nikageuka. Mama Zainabu huyo, amesharudi Ndanda, amekaa nyuma yangu.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nimekukuta unakoroma, nikawaambia wagombane polepole wasikuamshe."