Betri Zilizokatwa Masikio

Jina la Fundi Ulimi alipewa na mtaa, na mtaa ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, betri ndogo alizipima kwa kuzigusa na ncha ya ulimi, akifumba jicho moja kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akatoa hukumu. Ya pili, alikuwa msemaji. Ukimpelekea simu aitengeneze ulirudi na simu yako, na habari za mtaa mzima, na ushauri wa ndoa ambao hukuuomba. Mkewe, mkunga wa zahanati, alipenda kusema kwamba mume wake amelamba betri nyingi kuliko vijiko.

Katika kibanda chake palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: betri ya lithiamu iliyofika sifuri ni maiti. Ndani yake mna karatasi nyembamba ya shaba, na betri ikikaa tupu muda mrefu shaba ile huanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, huenda umewasha moto kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo betri ya sifuri aliikata masikio, yaani vile vipande viwili vya chuma chembamba vinavyochomoza juu na kushikizwa waya, asije mtu akashawishika kuirudisha kazini. Kisha aliizika kwenye ndoo ya mchanga.

Siku aliyoivunja sheria hiyo, aliivunja kwa huruma. Seremala jirani alimjia na betri ya drili, akalalamika kwamba ana kazi ya watu na hana nyingine. Fundi Ulimi akapima: sifuri. Akamtazama mwenzake usoni, akashindwa kumkatalia, akaichomeka kwenye chaja na kwenda zake kula chakula cha mchana. Aliporudi, kibanda kilikuwa moshi na majivu. Hakuna aliyeumia, na seremala mwenyewe alikuja kusaidia kufagia, lakini tangu siku hiyo yule msemaji alizimika.

Alikaa nyumbani mwaka mzima, kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha la jikoni. Mkewe akirudi kazini alimsimulia mambo ya wodini: nani kajifungua pacha, mume gani kazimia mlangoni, jinsi umeme ulivyokatika mtoto akiwa njiani na yeye akamaliza kazi kwa tochi aliyoibana kwa meno. Fundi Ulimi alijibu "mm". Dada zake mkunga hawakuwa na subira hiyo. Walimwambia dada yao waziwazi kwamba mwanamume aliyegeuka fanicha hana faida hata ya kufutwa vumbi. Mkunga aliwasikiliza, akawamiminia chai, na kesho yake akaendelea kusimulia. Siku nyingine alimwekea mezani pasi isiyopata moto au redio bubu, bila kumwomba aitengeneze. Vingine mumewe aliviacha palepale. Vingine alivitengeneza, na mkunga hakumsifu sana, maana alijua kwamba mtoto anayeanza kusimama ukimpigia makofi ghafla anakaa chini.

Ni yeye pia aliyeleta habari za karakana. Kuna mhandisi, alisema, mwanamke wa rika la binti yao, anaunda betri za chumvi na anatafuta mtu mwenye mikono mizuri.

"Chumvi?" Fundi Ulimi aliuliza. "Hii ya kutia kwenye mboga?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwa miezi mingi. Mkunga alifungua kabati akajifanya anatafuta sufuria, ili mumewe asiyaone machozi yake.

Alikwenda karakana, akapewa kazi. Kumbe haikuwa chumvi ya mezani hasa, ilikuwa sodiamu inayopatikana ndani ya chumvi, kitu ambacho dunia haijaanza kugombania. Betri zake ni nzito na nene kuliko za lithiamu, hazifai kwa simu za mfukoni, ila ukizitundika ukutani nani atauliza uzito? Mhandisi alimweleza pia kwamba ndani yake hamna shaba, ni alumini pande zote mbili, kwa hiyo zinaweza kukaa tupu kabisa na bado zikaamka. Fundi Ulimi aliitikia kwa kichwa. Kichwa kilisikia. Mikono haikuwamo kwenye mazungumzo hayo.

Zahanati ya mkewe ilikuwa tayari kufunga betri hizo katika chumba cha kujifungulia, lakini kwa sharti. Zile za zamani zilifia stoo kwa kusahauliwa, na daktari aliapa kwamba hatapokea tena betri za kumfia. Kwa hiyo mhandisi alikuwa ameweka chache kwenye rafu zikiwa sifuri, tangu kabla Fundi Ulimi hajaajiriwa, ili daktari aje azione zikiamka kwa macho yake.

Asubuhi ya siku ya ugeni huo Fundi Ulimi aliwahi kufika kuliko wote. Alitaka karakana ipendeze, maana mkewe angefuatana na daktari. Alipokuwa akifuta rafu alizikuta betri zile, akazipima kwa mazoea. Sifuri. Nyingine, sifuri. Akatikisa kichwa, akachukua mkasi, akazikata masikio moja baada ya nyingine, akazizika mchangani na kunawa mikono.

Mhandisi alipoingia na kuuliza ziko wapi, alimwonyesha ndoo kwa fahari ya mtu aliyeokoa nyumba ya watu. Mhandisi hakupaza sauti. Aliketi sakafuni na sketi yake safi ya kupokelea wageni, akaanza kuchimbua mchanga kwa vidole. Hapo ndipo Fundi Ulimi alipoyakumbuka yote aliyoambiwa. Aibu ilimshika mpaka akatamani kile kiti cha jikoni. Kisha akaikumbuka ile tochi iliyobanwa kwa meno, akapiga magoti kando ya ndoo.

Alikuwa ameacha vigutu vifupi tu vya masikio. Alumini haishiki vizuri risasi ya kuunganishia waya, basi akavikwangua kwa kisu na kuvibana kwa vibanio vidogo vya skrubu, vibaya kwa sura lakini imara. Mhandisi akanyoosha mkono achomeke.

"Niachie mimi, mwanangu," Fundi Ulimi alisema. "Mara ya mwisho nilichomeka sifuri nikaondoka. Leo sibanduki."

Wageni waliingia wakati huohuo. Alimweleza daktari kosa lake mwenyewe, bila kuzunguka, akamwonyesha na vigutu. Daktari akakunja uso na kuitazama saa yake. Fundi Ulimi akachomeka, kisha akaweka mgongo wa kiganja juu ya betri asikilizie joto. Ilikuwa baridi. Ikabaki baridi. Namba kwenye mita zikaanza kupanda, polepole, bila papara, na baada ya muda akaunganisha taa, nayo ikawaka.

Daktari alisogea karibu. Akauliza, sasa zikikaa sifuri muda mrefu hivyo, mtu wa stoo atajuaje kama ni nzima au ni maiti? Mhandisi alivuta pumzi aanze kueleza, lakini mkunga alimtangulia.

"Mimi nilikuwa nayo moja nyumbani," alisema. "Ilikaa sifuri mwaka mzima. Dada zangu wakaniambia niitupe."

Fundi Ulimi aliendelea kuikazia macho mita, ingawa namba zilikuwa zimeshaingia ukungu.

"Na masikio hukuikata?" aliuliza.

"Mkasi niliutafuta mara nyingi," mkewe alijibu. "Sikuuona."

Daktari alisema betri zipelekwe zahanati wiki hiyohiyo. Mume na mke walirudi nyumbani kwa miguu, na Fundi Ulimi akaanza kusema tangu getini: habari za alumini, za seremala, za mhandisi na sketi yake, za namna taa ya chumba cha kujifungulia itakavyofungwa na mahali swichi itakapokaa. Alisema njia nzima, na mkunga, akiwa amemshika mkono, alikuwa akijibu "mm".