Saa za Kadi Zake

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, na programu tuliigawana: yeye upande wa mbele, yaani kurasa na vitufe; mimi upande wa nyuma, seva na hifadhidata. Yote kwa JavaScript. Ilikuwa ya kusimamia kazi za wakala mmoja wa forodha bandarini. Kila kazi ina kadi yake, na kadi inaonyesha nani anaishughulikia, imefikia wapi, imeandikwa saa ngapi. Wakala mwenyewe, mzee wa watu, alitoa sharti moja.

"Masaa muandike ya kwetu. Ikiwa saa tisa, iseme tisa. Mi hii ya kusema kumi na tano sitaki."

Tulifanyia kazi sebuleni kwangu, mtaa wa Ngagara, kwenye meza moja, tukigombea soketi. Halafu mwenzangu akaniandikia kwamba anaumwa, atafanyia kwao, mtaa wa Gasenyi. Nikabaki na meza nzima. Nilizoea kujisifu kwamba sihitaji watu. Haukupita muda nikawa naisemesha kompyuta, na kuitukana pia.

Kazi zetu wenyewe tuliziandika kwenye programu hiyohiyo, kuijaribu, na kadi zake ziliendelea kuja. Moja ilifika saa tisa mchana, imeandikwa 9:00. Nikacheka peke yangu: kumbe ameshaweka masaa ya mzee! Nikampongeza. Akanijibu kwa kidole gumba tu.

Nikampelekea machungwa. Mama yake alinipokea getini na hakunikaribisha ndani, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Analala, mutoto wangu. Malaria imemushika vibaya. Leta, nitamupa."

Nilirudi nimenyong'onyea. Nilidhani nimemkosea kitu.

Asubuhi moja nikakuta kadi yake iliyoingia alfajiri. Ilikuwa imeandikwa 22:40, tena kwa tarehe ya jana. Saa za kwetu haziendi mpaka ishirini na mbili. Nikatafuta kosa kwenye seva yangu kwanza, lakini seva ilikuwa sawa: yenyewe iliandika 4:40. Nikafungua upande wake. Masaa ya mzee hakuwa ameyagusa hata kidogo. Kadi zilichukua saa kutoka kwenye kompyuta ya anayeandika, na kompyuta yake ilikuwa nyuma kwa saa sita, tofauti ileile iliyopo kati ya saa zetu na za Wazungu. Alikuwa mahali ambapo jana ilikuwa haijaisha.

Kwetu safari ya mbali haitangazwi. Watu husikia umeshafika. Hilo nalijua. Lakini mimi nami ni watu? Niliumia, na hasira ilinipanda hadi nikafunga kompyuta kwa kishindo.

Nikarudi Gasenyi. Safari hii mama yake alinitazama usoni, akafungua geti lote. Machungwa yangu yalikuwa bado mezani, yamesinyaa.

"Alinikataza kusema," akaniambia. "Iko Montreal, kwa mujomba wake. Hata mi alikataa nimusindikize, ati majirani wataona. Usimuambie nimekuambia."

Nikakubali. Tukakaa. Nyumba ilikuwa kimya kuliko yangu.

"Na kule sasa ni saa ngapi?" akauliza.

"Hapa ni saa ngapi, Mama?"

"Saa kumi."

"Basi simu yake nayo inaandika kumi. Ila ni asubuhi."

Akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Saa kumi," akasema tena, polepole.

Programu nimeisahihisha. Kadi za mzee sasa zinafuata saa ya seva, kwa hesabu ya kwetu, na ameridhika. Za rafiki yangu nimeziacha zilivyo. Nikifungua, naangalia kwanza kwake ni saa ngapi.

Jana aliandika kwamba homa imepungua. Nikamjibu apumzike.