Walipocheka Ukumbini Masasi

Filamu yangu ya kwanza tuliipiga Newala, kiangazi kizima, kwa kamera ya kuazima. Mhusika mkuu alikuwa mjane, na niliyempa nafasi hiyo ni dada yangu, mkulima wa korosho kule Makote, ambaye hakuwahi kuigiza hata shuleni. Alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Nilipomwomba alisema, "Hilo la kulia hutahitaji kunifundisha."

Kwa uzinduzi tulikodi ukumbi Masasi, Jumamosi mchana. Gari la matangazo lilizunguka mjini tangu asubuhi. Dada alishona kitenge kipya, akaketi pembeni yangu mstari wa mbele. Viti vingi vilibaki vitupu. Waliokuja ni waigizaji na ndugu zao, pamoja na vijana waliodhani wataona mapigano.

Ikafika sehemu ya msiba. Dada alionekana amekaa chini mlangoni, anamlilia mume kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimakonde, kamasi zinamtoka. Hakuwa anaigiza. Siku tulipoipiga sehemu ile, mpiga picha alipomaliza aliweka kamera chini, akatoka nje.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine. Kijana aliyekaa nyuma akakiiga kile kilio, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimtazama dada. Alikuwa anaangalia mbele tu, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari. Watu wakaanza kutoka. Filamu ilipoisha tulibaki sisi wa familia na mwenye ukumbi, aliyekuwa ameshaanza kukusanya viti.

"Twende nyumbani," dada akasema.

Onyesho la pili, la Tandahimba, halikufanyika. Mwenye ukumbi wa kule alipiga simu akasema siku hiyo kuna mechi, na mechi inajaza watu. Msambazaji wa Dar es Salaam hakuitazama hadi mwisho. "Haina soko," aliniambia. Nikazima simu. Wiki kadhaa nilishinda kitandani nikiipanga upya sehemu ya msiba kichwani: niikate wapi, niweke muziki gani, ili wasicheke.

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ulipoanza nilikwenda Makote kumsaidia dada. Tulikuwa tumekaa tunakula, vumbi la salfa limetujaa mwilini, aliponiuliza, "Mdogo wangu, nililia vibaya?"

"Hapana, dada."

"Sasa walicheka nini?"

Nilisogeza sahani pembeni. Akaniambia kwamba sokoni wanamwita Mjane wa Sinema, na kwamba kwaya ameacha, maana aliwakuta wanakwaya wenzake wawili wakikiiga kilio chake.

Waigizaji wengine walikuwa wananibana tuiweke filamu mtandaoni, angalau jasho lao lionekane. Nilimweleza.

"Naomba usiiweke," alisema. "Pale nilikuwa namlilia mume wangu."

"Wenzako watanichukia."

"Najua."

Sikuiweka. Watatu kati yao hatusalimiani tena, na mmoja huvuka barabara akiniona. Siku hizi napiga video za harusi na vipaimara, kazi inayokwenda vizuri. Mama wa bibi harusi akianza kulia, naigeuza kamera upande wa pili.