Mama wa Taipureta na Kompyuta Isiyouliza

Nimepata habari kwamba yule mama aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi yetu Bukoba amezikwa juzi kwao Ijumbi. Nimeambiwa kaburini walisimama mabwana wale wale waliomfukuza kazi, wakamsifu mpaka watu wakalia. Sikushangaa. Hodari wa kusifu maiti tunao kila kata. Wa kumtetea mtu akiwa hai ndio adimu.

Alijifunza kazi kwenye taipureta ya zamani isiyo na kitufe cha namba moja. Ukitaka moja, unapiga herufi l ndogo, na karatasini hakuna anayeona tofauti. Wakati wa vita vya mpakani alichapa hivyo orodha za watu waliokimbia makwao, nakala tano kwa kaboni, na hakuna familia iliyosahauliwa. Kisha ukaja ugonjwa wa ukimwi, tukabaki na orodha za yatima. Wafadhili wakaleta kompyuta, na nyuma yake mtaalamu aliyevaa tai, ambaye alimfundisha mama kuiwasha na kuizima, akaona kazi imekwisha.

Mama akaingiza majina na umri wa yatima wa kijiji cha Kishanda kwa mazoea yake yale yale. Kompyuta ikaamriwa ichague kwa umri watakaopewa sare za shule. Kila mtoto wa miaka kumi hadi kumi na tisa ikamwacha, kwa kuwa ile moja yake ilikuwa herufi. Haikusema neno. Siku ya kugawa, msichana wa miaka kumi na miwili aliwaona wadogo zake wawili wakipewa, yeye hakuitwa. Akatuuliza, "Mimi ndiye niliyewaandikisha hawa. Sasa mimi sipo?" Mwaka ule hakurudi shule.

Kikao kikaitwa. Mtaalamu akasema, "Hawa wa taipureta hawafundishiki." Mama akajibu taratibu, "Waitu, jamani, hata mpima kahawa akiona mawe kwenye gunia huuliza. Mashine imeona herufi kwenye umri wa mtoto, ikanyamaza. Mbona hiyo hamuisemi?" Mtaalamu akacheka. Nami, katibu wa kikao, nilicheka naye, nikaandika: uzembe wa mpiga chapa. Yule bwana namdharau mpaka leo, lakini kwa kicheko kile najidharau zaidi.

Programu ya kuandikia yenye adabu ingejua kwamba vidole vya mtu vina mazoea ya miaka. Ingeigeuza ile herufi kuwa moja, au ingeuliza tu. Lakini waliozitengeneza programu hizi hawajawahi kuona taipureta ya ofisi ya wilaya, na sisi tulizipokea kwa kupiga magoti.

Barua ya kumwachisha kazi ilitakiwa siku ile ile, na ofisi nzima hakuna mwingine aliyejua kuchapa. Akapewa yeye. Aliichapa bila kosa hata moja, akampelekea mkuu wake aitie sahihi, akasubiri amesimama. Chombo kisichomjua anayekitumia ni kibovu hata kikiwa kipya. Sisi tuliomtupa mtu ili chombo kisionekane kibovu, hatuna hata udhuru wa kuwa mashine.