Bastola Tupu ya Orvil Staab

Orvil Staab alikuwa fundi vitasa kwa miaka thelathini na minne katika mji wa Calder, bonde la ndani la Kalifornia, na watu wa pale walimjua kwa gari lake jeupe na kwa tabia yake ya kusema na mlango anaoufungua. "Haya mama, legea kidogo," huuambia, na mlango hulegea. Hakuwahi kuvunja mlango wa mtu. Alikuwa na leseni ya jimbo, na leseni ile haipewi mtu mwenye doa. Alama za vidole vyake zilikuwa Sacramento, makao makuu ya jimbo, na kosa moja la jinai lingetosha kumpokonya mkate wake.

Bastola aliianza uzeeni. Vijana wawili walimvizia nyuma ya duka la matairi akiwa anamfungulia mtu gari, wakaondoka na sanduku lake la zana na jino moja la mbele. Akaenda kwa sherifu wa kaunti kuomba kibali cha kuficha silaha ndani ya koti. Karani akatabasamu kwa adabu, akamrudishia fomu. Vibali vile walikuwa navyo wenye mashamba ya lozi na wale wanaokula nyama choma na sherifu. Lakini sheria ya miaka ile ilikuwa na mlango wa nyuma: asiye na kibali aliruhusiwa kubeba bastola waziwazi kiunoni, kila mtu aione, mradi iwe tupu. Risasi zikae kwenye magazini, kile kikasha chake, upande wa pili wa mkanda.

Noreen, mkewe, alimtazama siku ya kwanza akivaa, suruali inavutwa chini upande mmoja.

"Kwa hiyo mwizi akija utamwambia, subiri kwanza bwana, nipakie?"

"Sekunde mbili tu, Noreen. Nimejipima kwa saa."

"Yeye moja inamtosha. Mume wangu, umevaa nyundo isiyo na mpini."

Orvil akacheka, akatoka. Kila Jumamosi asubuhi wanaume kama kumi hivi, wote na bastola tupu, walikutana kula chapati za maziwa na asali kwenye mgahawa mmoja wa barabara kuu. Kiongozi wao alikuwa Duane Krebs, muuza pampu za mabwawa ya kuogelea, mtu wa sauti nene. Krebs ndiye aliyewafundisha.

"Polisi akitaka kukagua kama ni tupu, mwache akague, ni haki yake," alisema. "Wewe usiiguse. Washa kinasa sauti chako mfukoni, halafu fumba mdomo. Akikuuliza habari za mvua, mjibu: niko huru kuondoka? Basi. Midomo yenu ina risasi nyingi kuliko bastola zenu, ndugu zangu."

Kubwa kuliko yote lilikuwa shule. Futi elfu moja kutoka uwanja wa shule huruhusiwi kuwa na bastola, hata tupu, isipokuwa umeifungia ndani ya sanduku. Krebs aliwachorea ramani ya mji yenye duara nyekundu kumi na moja. Orvil akifika ukingo wa duara husimama, huitia bastola ndani ya kisanduku cha chuma ambacho kitasa chake alikitengeneza mwenyewe, hukibeba kama mtu aliyebeba chakula cha mchana, akitokea upande wa pili huivaa tena. Kinyozi wa mtaa wa tatu alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni: "Orvil! Leo bastola imeingia darasani au imetoroka?"

Basi hapo ndipo alipojikwaa, na yeye ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote.

Jumamosi moja ya Machi alikuwa anatembea kwenda kula chapati zake. Alipopita mkabala na kanisa moja dogo la matofali, gari la polisi likasimama. Akashuka Ruelas, askari kijana aliyekulia mtaa uleule. Orvil alishawahi kumfungulia mama wa kijana huyo mlango bila kutaka hata senti. Orvil akabonyeza kinasa sauti mfukoni, akanyoosha mikono mbali na kiuno.

"Habari za asubuhi, mzee Orvil. Nitaikagua kidogo."

"Kagua, mwanangu."

Ruelas akaitoa, akavuta, akachungulia. Tupu. Kisha akageuza uso kuelekea kanisani. "Mzee wangu, unajua kwamba ukumbi wa nyuma pale siku hizi ni shule?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema niko huru kuondoka. Lakini Orvil alikuwa mtu wa miaka yote kuulizwa na kujibu, na anayemuuliza alikuwa mtoto wa jirani.

"Najua sana! Vitasa vya madarasa yote nilivitia mimi, Januari. Watoto ishirini na sita, maskini, na mlango wa dharura ulikuwa haufungi."

Ruelas akaishika bastola bila kuirudisha. Akatazama chini. "Mzee, laiti usingelisema hilo."

Shule ile haikuwamo kwenye ramani ya Krebs. Kichwani mwa Orvil kazi ilikaa chumba kimoja na ramani chumba kingine, na mlango wa katikati, yeye fundi wa milango, hakuwahi kuufungua. Kwamba ilikuwa Jumamosi na hapakuwa na mtoto hata mmoja, sheria haiulizi siku. Inauliza kama ulijua, au ulipaswa kujua. Bastola ikachukuliwa, na kinasa sauti kikachukuliwa pamoja nayo.

Wakili aliyepewa na mahakama, binti mdogo mwenye faili nyingi, alimsikilizisha sauti yake mwenyewe. Najua sana! Ilitoka safi, hata ndege wa kanisani walisikika.

"Bila hii ningepigana," binti akasema. "Kubali kosa dogo, bwana Staab. Hufungwi. Miaka mitatu ya kifungo cha nje, na bastola inabaki kwao."

"Na leseni?"

"Leseni ni ya ofisi nyingine. Wao wataamua wenyewe."

Orvil akampigia Krebs simu. Wale wanaume kumi walikuwa wameapa kusimama na yeyote kati yao.

"Nilikwambia ufanye nini?" Krebs akauliza.

"Nifumbe mdomo."

"Ukafanya nini?"

"Duane, ramani ilikuwa yako."

"Na mdomo ulikuwa wa nani? Umetutia aibu, mzee. Usije Jumamosi."

Akakubali kosa. Ofisi ya leseni ikamfutia leseni kwa barua ya mistari minne, mmoja ukiwa wa kumtakia kila la heri. Mwaka ule haujaisha, wakubwa wa Sacramento wakaufunga kabisa ule mlango wa nyuma. Kuanzia Januari hata bastola tupu ilikuwa haramu kubebwa waziwazi mjini. Krebs na wenzake wakaanza kubeba begani bunduki ndefu, ambazo sheria mpya haikuzigusa, wakapigwa picha. Orvil akauza lile gari jeupe.

Mwezi Julai, mchana wa joto la kupasua mawe, jirani yake Ofelia Barragán alikuja mbio hadi barazani, miguu mitupu.

"Bwana Orvil, nimejifungia nje! Maharage yako motoni!"

Orvil akainuka. Akauona mlango wenyewe kutoka pale. Kitasa alikitia yeye, nusu dakika kingelegea. Noreen akatokea nyuma yake.

"Orvil, kaa. Wakili amesema usiguse kitasa cha mtu bila leseni."

"Ni jirani, Noreen."

"Na kinyozi atasikia, na dunia nzima ina mdomo. Unataka kwenda ndani kwa maharage?"

Akakaa. Akampa Ofelia namba ya fundi wa mji wa pili. Yule fundi akafika baada ya dakika hamsini, moshi umeshatoka dirishani, akaukagua mlango mara moja tu, akaleta drili.

"Kijana," Orvil akaita toka barazani, "hicho hakihitaji kutobolewa. Kibembeleze tu."

"Wewe ni fundi, mzee?"

Orvil akafumba mdomo. Drili ikaanza kulia.