Treni ya Machteld

Machteld Verhulst ni polisi wa Ubelgiji, na hadi kanivali ya mwaka jana alikuwa hajawahi kukamata hata nzi. Si uvivu. Hapa Baarle mpaka na Uholanzi unakatiza katikati ya maduka kama mlevi anayetafuta kwao. Mwizi akikimbia kidogo tu, kashahama nchi. Mkataba unamruhusu Machteld kumfuata, lakini akimnasia ng'ambo humkabidhi polisi wa huko, Sjef, ambaye anatumia naye ofisi moja na birika moja la kahawa. Kesi inakuwa ya Sjef.

"Dada, wewe fuga tu," Sjef humtania. "Mimi nitakuja kuchinja."

Basi Jumapili ya kanivali, mji mzima tumevaa vituko, nusu yetu tumevaa kama polisi. Machteld akamwona jamaa aliyevaa kama kuku akichomoa simu mfukoni mwa mgeni.

"Mwizi! Mshikeni!"

Nani amshike? Tulidhani ni mchezo. "Mkimbize, mama! Mtie sufuriani!"

Akamfikia penye duka la mikate, Ubelgiji kabisa, akamdaka mabega kwa nyuma. Lo! Kwetu, siku ya kanivali, ukimshika mtu mabega umeanzisha treni ya kucheza. Bibi mwenye masikio ya sungura akamdaka Machteld, mimi nikamdaka bibi, nyuma yangu mtaa mzima. Tarumbeta zikalia. Tukasukuma! Kabla Machteld hajatamka neno la kisheria, tulikuwa tumevuka misalaba myeupe iliyochorwa chini kuonyesha mpaka, na mbele yetu Sjef, meno yote nje.

"Karibu nyumbani, kuku!"

"Nilimshika kwangu!" Machteld akafoka.

"Ulimwambia amekamatwa?"

"Ningemwambia saa ngapi, na kelele hizi?"

"Basi ni wangu huyo."

Akanyoosha mkono. Lakini treni haina breki wala haijui mkataba. Kichwa kikakata kona, mkia ukamzoa Sjef, nikasikia kofia yake ikikanyagwa. Tukairudia ile misalaba tukiruka na kuimba, kuku akihema.

"Jamani, nikamateni popote, ila bibi huyu aache kusukuma!"

Unyayo wake ulipotua tu Ubelgiji, Machteld akapaza sauti kushinda tarumbeta zote:

"Umekamatwa!"

Akarudia. Akarudia tena. Ya kwanza ilikuwa ya sheria. Hizo nyingine zilikuwa tamu tu.