Farasi Asiye na Wimbo

Mwaka ule wa operesheni, watu wa Handeni walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, Mashavu binti Mdoe aliogopa vitu viwili: simba, na kapu lililokuwa darini kwake. Simba aliogopwa na kijiji kizima cha Kwembago. Kapu aliliogopa peke yake.

Ndani ya kapu, juu ya majani makavu ya mgomba, walilala farasi wa udongo. Wengine walijaza viganja viwili, wengine walikuwa wadogo kama kidole gumba. Wote walikuwa farasi mmoja.

Farasi huyo alikuwa jike, mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa, na aliishi katika shamba la mkonge upande wa Mnyuzi, ambako baba yake Mashavu alikuwa saisi. Mzee Mdoe alimlisha farasi wa meneja, akampiga brashi, akamtandika, akamshikia hatamu meneja apande. Meneja alimwita mnyama wake kwa jina la kwao ambalo hakuna aliyeliweza. Mdoe alimwita Bi Harusi, kwa jinsi alivyozitupa singa za shingoni kama mwanamke anayetengeneza mtandio.

Siku ya kwanza Mashavu kusogezwa karibu naye alijikojolea. Kichwa kile kirefu kilishuka kutoka juu, kikampulizia hewa ya moto kwenye nywele. Baba yake hakumcheka.

"Naye anakuogopa," alimwambia. "Mwangalie masikio."

Akayaangalia. Tangu siku hiyo hakuacha kuangalia. Alijifunza kwamba masikio ya Bi Harusi yaligeuka kabla mtu hajatokea, kwamba ngozi yake ilitetemeka kabla nzi hajatua, kwamba akisimama kupumzika aliulegeza mguu mmoja wa nyuma kama mtu aliyeegemea nguzo. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba mnyama mwenye nguvu zote zile alikurupuka kwa gunia tupu likipeperushwa na upepo. Mashavu naye alikuwa mtoto wa kukurupuka. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini kule zizini ndiko alikopata mwenzake.

Alipovunja ungo alipelekwa Handeni kwa bibi yake akachezwe mwali. Huko alifundishwa kufinyanga vyungu, na huko aliona kwa mara ya kwanza vinyama vya udongo vya kuwafundishia wali: kobe, fisi, mamba, nyoka. Kila kimoja kililetwa mbele ya wasichana kimefunikwa, kikafunuliwa, kikaimbiwa wimbo wake, na ndani ya wimbo mlikuwa na somo. Jioni vilivunjwa vyote na kutupwa mtoni. Mwanamume hakutakiwa kuviona. Mashavu alizishika nyimbo kama wenzake, ila mikono yake ilishika kitu kingine. Aliporudi Mnyuzi alijificha nyuma ya zizi akamfinyanga Bi Harusi. Akatoka mbuzi.

Uhuru ulikuja, meneja akabaki. Azimio lilipokuja na mashamba ya mkonge kuchukuliwa na serikali, meneja aliondoka. Asubuhi moja Mdoe alirudi nyumbani amebeba hatamu bila farasi. Meneja alikuwa amempiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Mnunuzi hakupatikana, na meneja hakutaka mnyama wake aje kukokota mkokoteni. Mdoe aliitundika hatamu ukutani, akaketi chini yake, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuketi. Hakuishi sana.

Mashavu wakati huo alikuwa mke wa Semboja. Hakulia mbele za watu. Alifinyanga. Kila alipochoma vyungu vyake, ndani ya chungu kimoja alificha farasi. Mmoja alipatia shingo akakosea miguu. Mwingine alipatia ule mguu uliolegezwa akakosea kichwa. Hakuweza kumtupa hata mmoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipande cha Bi Harusi kilicho sawasawa, na alitumaini siku moja vipande vyote vitakutana.

Operesheni ilipofika, Semboja alikuwa kibarua kwenye mitambo ya umeme Hale, akirudi mwisho wa mwezi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwao Handeni, kwa hiyo mke na vyombo vilipelekwa Handeni, kwenye pori lililokatwa juzi na kupewa mistari ya nyumba. Majirani walimwita Mashavu mtu wa mkonge. Hawakumwita kwa ubaya, lakini hawakumwita vingine.

Simba alianza na mbuzi. Kisha alimchukua mwanamume aliyekwenda kukata miti ya kujengea. Kisha akamchukua Shida, mwanamke kijana mwenye maneno mengi, pembeni ya shamba la mahindi, mchana kweupe, wenzake wakisikia. Watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini. Simba wa mchana si simba wa Mungu, walisema. Huyu ametumwa. Katika kijiji cha pili kulikuwa na mzee aliyeshukiwa mambo kama hayo, na aliamka nyumba yake inawaka na mlango umefungwa kwa kamba kutoka nje. Mashavu alizipata habari hizo kisimani. Alishindwa kuinyanyua ndoo yake, akajifanya anaisuuza tena.

Siku hiyo alilishusha kapu ili awavunje wote. Alimchukua wa juu, akamweka kwenye jiwe la kusagia, akashika mchi. Masikio ya yule wa udongo yalikuwa yamegeukia mlangoni, kama yanayosikia mtu anakuja. Akalirudisha kapu darini.

Mwenyekiti wa kijiji, Salimu, aliagiza wanawake ambao waume zao hawapo walale pamoja. Nyumba ya Mashavu ilikuwa na mlango wa mbao, kwa hiyo walikuja kwake na mikeka yao, Mwanaidi jirani yake akiwa wa kwanza. Kulipokucha Mwanaidi alipapasa darini akitafuta chumvi ya uji. Alipoushusha mkono, haukuwa na chumvi.

"Mashavu, hiki nini?"

"Farasi."

"Farasi ndiyo nini?"

"Mnyama tu, dada. Kama punda."

"Punda namjua. Wamasai wanapita naye hapa kila kiangazi. Punda ana shingo hii?"

"Huyo alitaka kummeza twiga, akashindwa katikati," alisema mwanamke mwingine. Mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Mwanaidi alikuwa ameshalishusha kapu lote, na walikuwa wanaangalia jinsi walivyo wengi.

"Aliyefinyanga wengi hivi," alisema Mwanaidi taratibu, "alikuwa anamtafuta mtu."

Hawakumpiga. Walimzunguka tu, wakaenda naye kwa Bi Tatu, na hilo lilimtisha kuliko fimbo. Bi Tatu ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji, kibibi kidogo cha kutafuna tumbaku. Shikamoo ya Mashavu aliiitikia bila kumtazama usoni. Aliagiza mikeka itundikwe nyuma ya nyumba yake, wanaume wakae mbali, kapu liwekwe katikati.

Haikupita muda Salimu akabisha nje ya mikeka.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwenyekiti. Simama hapo hapo."

"Nimesimama. Nasikia habari za farasi. Mimi nimekata mkonge Korogwe miaka mingi, farasi nimemwona kwa macho haya. Mzungu alikuwa anatujia juu yake kukagua mafungu. Akitokeza tu mwisho wa mstari, tunainama wote. Nileteeni nimtazame, nitawaambia kama ndiye."

Mashavu aliigeukia sauti ile. Katika kijiji kizima huyu peke yake ndiye aliyemjua Bi Harusi, hata kama alimjua kwa kumchukia.

"Utazame vitu vya wali, mwenyekiti?" aliuliza Bi Tatu.

Nje Salimu alirudi nyuma hatua moja.

"Ukishatazama, nani atakuosha hayo macho? Mkeo yuko hapa, niambie kama umemwachia kazi hiyo."

Wanawake walicheka. Salimu alikohoa, akasema basi, yeye alitaka kusaidia tu. Mashavu alizisikia katambuga zake zikiondoka, zikikwaruza changarawe, mpaka zisisikike.

Bi Tatu alimtoa farasi mmoja kapuni, akamwinua miguu ikiwa juu.

"Hatubishi kwamba yupo," alisema. "Fisi yupo, mamba yupo. Nakuuliza kitu kimoja, mwanangu. Fisi ana wimbo wake. Kobe ana wimbo wake. Huyu wimbo wake uko wapi?"

Mashavu alilijua swali hilo lilivyo, na kila mwanamke pale alilijua. Kinyama cha udongo chenye wimbo kimefinyangwa kwa ajili ya somo. Kisicho na wimbo kimefinyangwa kwa ajili ya safari, kitumwe kama alivyotumwa simba.

"Hana?"

"Anao," alisema Mashavu, na akajisikia amesema uongo mbele ya watu wote waliokuwa wanaujua mlango wake.

"Basi mwimbie."

Aliiona ile kamba ya yule mzee, imezungushwa kwenye mlango wa mbao, mtu anakaza fundo. Aliona njia ya kukimbilia kwao Mnyuzi, majani yake marefu ya kumficha simba pande zote mbili. Alitafuta kitu cha kushika akaona mkono wa Bi Tatu na miguu minne iliyotazama mbinguni.

"Mgeuze kwanza, bibi," alisema. "Hapendi kushikwa hivyo."

Bi Tatu akamgeuza.

Mashavu aliiba sauti ya wimbo wa kobe, na wote waliijua kuwa ni ya kobe. Maneno hakuwa nayo. Aliyatoa kwa yule mnyama mmoja mmoja, kama alivyomwona.

Hana pembe huyu mama, hana pembe,
Bwana amempanda mgongoni.
Chuma kinywani, aseme nini?
Anakurupuka kwa gunia tupu,
Na ana nguvu kuliko aliyempanda.
Nani atamwambia?

Sauti ilimkatikia kwenye neno la mwisho. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga, na haikujulikana kama anacheka au analia. Mwanaidi alikuwa anatazama chini.

"Bwana yuko mgongoni?" aliuliza Bi Tatu.

"Ndiyo, bibi."

"Na chuma kiko kinywani."

"Ndiyo."

"Na bwana akishuka?"

"Anasimama, anamsubiri."

Bi Tatu alitema tumbaku pembeni. "Mh," alisema. "Huyo mbona nimekaa naye ujirani miaka yote."

Kicheko kilitoka mahali pamoja kikaenea. Bi Tatu aliinua mkono kikakatika. Aliuimba mstari wa mwisho yeye mwenyewe, kwa sauti yake kavu, nani atamwambia, na wanawake wakaitikia bila kufundishwa: sisi tutamwambia. Akaurudia. Wakaitikia tena, na safari hii walipiga makofi.

Mashavu aliketi chini. Alidhani yamekwisha.

"Sasa ni wa wali," alisema Bi Tatu, akimweka farasi mbele yake pamoja na jiwe. "Na cha wali hakilali. Wavunje."

"Wote, bibi?"

"Wote wameimbiwa."

"Nakuomba huyu mmoja." Alikuwa ameshamchukua, yule mwenye masikio yaliyogeukia mlangoni.

Bi Tatu hakukasirika. Aliinama karibu yake wengine wasisikie. "Atakayebaki ndiye asiye na wimbo, mwanangu. Unataka arudi darini akutafutie nini? Mimi leo nipo. Kesho wakija kwako bila mimi?"

Mashavu aliwavunja. Alianza na wale wenye makosa mengi, akitumaini labda mtu atasema inatosha. Hakuna aliyesema. Walivunjika kwa sauti ndogo, kama maganda ya mayai. Yule wa masikio alimvunja wa mwisho, na ilibidi ampige mara mbili.

Walivipeleka vigae kijitoni wote kwa pamoja, wenye mapanga mbele, wenye kugonga madebe nyuma. Matete yaliposukasuka ng'ambo madebe yalinyamaza yote. Ulikuwa upepo. Walitupa kapu zima majini wakarudi karibu wakikimbia, Mwanaidi amemshika Mashavu mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

Simba aliuawa na watu wa idara ya wanyama waliotoka Handeni mjini. Alikuwa mzee, meno yameisha. Hakuna aliyemwomba Mashavu radhi. Mwanaidi alimletea unga kwenye ungo, akauacha mlangoni. Na wasichana walipoingizwa ndani mwaka uliofuata, Bi Tatu alimtuma mtu kusema: kesho uje na udongo wa farasi. Mashavu alimfinyanga palepale mbele ya makungwi. Farasi aliimbiwa, akavunjwa jioni. Ikawa hivyo kila mwaka, na wasichana wa Kwembago ambao hawakuwahi kuona farasi waliujua wimbo wake kuliko wa kobe. Nyumbani kwake Mashavu alifinyanga vyungu tu. Udongo ukianza kurefuka shingo mkononi, aliubonyeza upesi, akatazama mlango.

Kabla ya sherehe za Saba Saba za mwaka mmoja, Salimu alimkuta uani akifanya kazi. Kila kijiji kilitakiwa kupeleka kazi za mikono kwenye maonyesho.

"Nimeambiwa baba yako alikuwa saisi," alisema. "Ungetufinyangia farasi. Wa kupeleka mjini watu wamwone."

"Farasi simjui, mwenyekiti. Vyungu nitakupa."

"Vyungu kila kijiji kitaleta."

"Basi vitakuwa vingi."

Salimu alisimama akiangalia mikono ya Mashavu, ambayo ilikuwa imetulia ndani ya udongo kama ya mtu aliyesikia kitu. "Mimi nikimwota mpaka leo namwogopa," alisema, akaenda zake. Mashavu alisubiri mpaka katambuga zisisikike. Kisha aliufungua mkono, akakibamiza bapa kile kilichokuwa kimeanza kutokea.